MAMBO YA SAYANSI: Mtambo wa Redio Haujifichi



Wazee wa Ngara wanakumbuka mwisho wa Aprili, 1994. Watu zaidi ya laki mbili walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Kwao kulikuwa na vita na mauaji. Redio moja ya huko, RTLM, ilichochea mauaji ya Watutsi. Mwezi Julai watangazaji wake walikimbia Kigali. Wakaendelea kutangaza kwa mtambo wa kuhamahama.

Je, mtambo kama huo unaweza kutafutwa ukapatikana? Ndiyo.

Ng'ombe mwenye kengele amepotea porini. Wachungaji wawili wanasimama kwenye vilima viwili. Kila mmoja anaonyesha upande unakotoka mlio. Pande hizo zinapokutana, ndipo alipo ng'ombe.

Mtambo wa redio ni kama kengele hiyo. Jaribu mwenyewe. Chukua redio ya FM. Simama uwanjani, mbali na nyumba ya bati. Punguza antena mpaka sauti ianze kukwaruza. Shika redio kifuani, kisha zunguka polepole. Mwili wako huzuia mawimbi. Sauti inapokwaruza zaidi, mgongo wako unaelekea kwenye mtambo.

Mtu wa Kabanga achore mstari wake kwenye ramani. Mtu wa Rulenge achore wake. Mistari inapokatana, tafuta hapo. Mtu wa tatu, wa Biharamulo, akipata mawimbi hayo, mstari wake utahakikisha. Lakini kumbuka: vilima hurudisha mawimbi, kama bonde linavyorudisha sauti. Basi pimeni mara nyingi, mahali mbalimbali.

Siku hizi kuna chombo kidogo cha kupokea mawimbi. Huchomekwa kwenye kompyuta. Programu ya kompyuta huchagua mawimbi na kupima nguvu zake. Vyombo vingine vina antena kadhaa. Kompyuta hulinganisha jinsi mawimbi yanavyofika kwenye kila antena, kisha huonyesha upande yalikotoka.

Nchini kwetu leseni ya kutangaza hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Mtambo usio na leseni unaweza kuvuruga hata mawasiliano ya ndege.

Redio ni chombo chema. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianzishwa Ngara kuwahudumia wakimbizi. Lakini mwenye kutangaza chuki asidhani amejificha. Kila anaposema, anaonyesha alipo.