Mashini isiyoamka haijakufa: mafundi wa Uvira, acheni kuformata bila kuuliza

Kutoka Kavimvira hadi Kalundu, dawa ya mafundi wetu wa kompyuta ni moja tu. Mashini imekuwa nzito? Wanaformata. Imeingiwa na virusi? Wanaformata. Mteja amesahau neno la siri? Wanaformata. Kisha Windows mpya ikishawekwa na mashini ikakataa kuamka, kioo kikabaki cheusi na maandishi machache meupe, mteja anaambiwa: "Diski imekufa, leta feza tununue ingine."

Tunasema wazi: mara nyingi hiyo diski haijakufa. Na tabia hii inawaumiza zaidi wale walioachiwa na vita kitu kimoja tu, hiyo mashini yenyewe.

Tukumbuke tumetoka wapi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba na kubeba masanduku ya karatasi. Desemba 2025, vita vilipoingia mjini, maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Burundi na kile walichoweza kubeba. Aliyekuwa na kompyuta alikuwa na picha za diploma ya Serikali, bulletini za watoto, cheti cha ndoa, hati za kiwanja, sura za marehemu. Karatasi zenyewe zilibaki nyuma. Kwa familia ya namna hiyo, kuformata ni kuchoma sanduku la nyumba. Anayefanya hivyo bila kuuliza hastahili kuitwa fundi.

Sasa, kwa nini mashini inakataa kuamka baada ya kuwekewa mfumo mpya? Sababu zinajulikana, na nyingi hazidai kununua diski.

Kwanza, kle iliyotumika kuweka mfumo inaweza kuwa imebaki imechomekwa, na mashini inaanzia huko badala ya kuanzia kwenye diski. Ichomoe, uwashe tena. Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio ya mwanzo. Mashini nyingi huifungua ukibonyeza F2 au Delete mara tu unapowasha. Angalia kama diski inaonekana na kama imewekwa ya kwanza kwenye foleni. Ikionekana pale, neno "imekufa" lisubiri.

Pili, kuna njia mbili za kuamka. Mashini za zamani huamka kwa BIOS, na diski yake hugawanywa kwa mtindo wa MBR. Mashini za sasa huamka kwa UEFI, na diski huwa ya GPT. Fundi akiweka Windows kwa njia moja, kisha mashini ikatafuta kwa njia nyingine, haitaona kitu. Diski ni nzima, mfumo umo ndani, ila mashini inabisha mlango usio wake. Kurudisha mpangilio ule wa kwanza ni kazi ya dakika chache.

Tatu, na hili linatuhusu sana sisi tunaoishi na umeme wa kukatika: kompyuta nyingi zina betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio wakati umeme haupo. Ikiisha, mashini inasahau. Saa inarudi miaka ya nyuma, mipangilio inarudi ya kiwandani, na mashini iliyoamka jana leo haiamki. Ukiona tarehe si ya leo, shuku betri kabla ya kushuku diski.

Tena umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, faili za kuamshia zikaharibika. Kle ileile ya kuwekea Windows ina sehemu ya kurekebisha bila kufuta. Kwa nini mafundi wetu wanairuka na kukimbilia kufuta?

Na kabla ya yote hayo, vitu vya mteja vinaweza kuokolewa. Kle yenye Ubuntu inaamsha mashini bila kugusa diski, na fundi ananakili picha na hati kwenda mahali pengine. Hata kama diski imeshaformatwa kwa haraka, kwenye diski ya kuzunguka mengi huwa bado yamo chini. Kwenye SSD nafasi ni ndogo zaidi. Lakini kila mara mfumo unapowekwa upya, unafunika kilichobaki. Kuformata mara ya pili, kwa kubahatisha, ndiko kunakoua.

Mafundi watajibu kwamba mteja analipa kidogo, anataka mashini ndani ya saa moja, na umeme wenyewe hautabiriki. Ni kweli. Watasema pia kwamba tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na watu wanalazimisha Windows 11 kwenye mashini za zamani zisizo na TPM 2.0 inayodaiwa. Hilo nalo ni kweli. Lakini hakuna hata shida moja hapo inayomkataza fundi kuuliza: "Humu ndani kuna nini usichotaka kipotee?" Swali hilo halili umeme. Kama kuhifadhi kuna bei yake, itaje, mteja achague mwenyewe.

Nanyi ndugu zetu, mlioko hapa na mlioko ng'ambo ya mpaka, msikabidhi mashini kwa mdomo mtupu. Semeni kabla: usiformate kabla ya kunakili vitu vyangu. Wekeni nakala ya hati kwenye kle, na kle hiyo ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine. Mkiambiwa diski imekufa, ombeni kuonyeshwa kwamba haionekani kwenye mipangilio wala kwenye mashini nyingine.

Na ikiwa kweli imekufa, rudini nayo nyumbani. Ni mali yenu, na huenda siku moja akapatikana fundi wa kuisoma. Msiiache kwenye kibanda.