Panya Mwenye Kinga ya Binadamu: Sheria Inasemaje?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni stahiki ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Vijana wetu wanaosomea udaktari na sayansi ya viumbe hukutana masomoni na panya aliyepandikizwa seli za kinga za binadamu. Wakirudi nyumbani na habari hiyo, wazazi hustaghfiru wakidhani kimeumbwa kiumbe nusu mtu nusu panya. Wanazuoni wa usuli wametufunza kwamba hukumu ya jambo hufuata kulifahamu jambo lenyewe. Basi tulifahamu kwanza.

Allah (S.W.) ameupa kila mwili askari wake. Askari wa mwanadamu ni seli nyeupe za damu, nazo hazifanani kwa kila kitu na za mnyama. Virusi vya UKIMWI haviwezi kumwambukiza panya wa kawaida. Tena dawa isiyomdhuru mnyama yaweza kumdhuru mtu. Machi 2006, mjini London, watu sita wenye afya walipewa dawa ya majaribio iitwayo TGN1412, iliyokwisha kujaribiwa kwa nyani bila ya madhara hayo. Saa chache baadaye kinga zao zilifurika na kuishambulia miili yao wenyewe, na wote sita wakalazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Alhamdulillahi, walinusurika.

Ndipo inapoonekana haja ya panya huyu. Mwaka 1983, huko Philadelphia, Marekani, Melvin Bosma na wenzake walieleza habari za panya waliozaliwa bila ya seli muhimu za kinga. Mwili usio na walinzi haumfukuzi mgeni, na kwa sababu hiyo mwaka 1988 makundi mawili ya watafiti wa California yaliweza kuwapandikiza panya wa aina hiyo seli na tishu za kinga za binadamu. Mwaka 2008, watafiti wa Texas walionyesha kwamba dawa za kupunguza makali ya VVU, zikitolewa kabla, ziliwakinga panya wa namna hii wasiambukizwe. Majaribio ya wanadamu yalifuata kwa njia yake, na mwaka 2011 utafiti uliofanywa Kenya na Uganda kwa wanandoa ambao mmoja wao ana virusi ulithibitisha kwamba dawa za aina hiyo humkinga yule mwingine. Kwa hiyo jambo hili si la mbali. Linagusa ndoa na watoto wa majirani zetu.

Sasa tuitazame hukumu. Masuala ni matatu, na wengi huyachanganya.

La kwanza: je, huku ni kuchezea maumbile ya Allah? Sisi hatuoni hivyo. Mgonjwa aliyewekewa moyoni vali ya ng'ombe hakugeuka ng'ombe, wala aliyeongezewa damu ya jirani hakubadilika nasaba. Utu ni roho, akili na taklifa, wala haumo katika seli za damu. Panya huyu amebaki panya. Lakini mpaka upo: kumpandikiza mnyama kitu kitakachomtia akili ya kibinadamu, au mbegu za uzazi za binadamu, ni kuigusa karama aliyopewa mwanadamu na heshima ya nasaba. Hapo ni lazima kusimama.

La pili ni haki ya panya mwenyewe. Atasema msemaji: panya ni miongoni mwa wanyama watano ambao Mtume (S.A.W.) ameruhusu wauawe hata ndani ya Haram. Ni kweli. Ila ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume (S.A.W.) huyo huyo ameamrisha ihsani hata katika kuua na kuchinja, na akatueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Panya hawa huishi na udhaifu mkubwa, na mara nyingine seli za binadamu huushambulia mwili wao hadi wakakonda na kufa. Kwa hiyo mtafiti Muislamu atawatumia kwa haja ya kweli, kwa idadi isiyozidi haja, na atawapunguzia maumivu. Asidhani kwamba mlango wa maabara ukifungwa hakuna amuonaye.

La tatu ndilo zito zaidi: seli zimetoka wapi? Baadhi ya panya hawa hutengenezwa kwa ini na tezi ya kijusi, na mara nyingi kijusi hicho hutokana na mimba iliyotolewa kwa hiari. Wengine hutengenezwa kwa damu ya mtu mzima, au kwa seli shina za damu ya kitovu, ile inayobaki baada ya mtoto kuzaliwa salama. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Machi 1990, lilikataza kutoa mimba kwa lengo la kupata viungo vya kupandikiza, na likakataza kukifanya kijusi bidhaa. Nalo Baraza la Fiqhi la Makka, Desemba 2003, liliruhusu seli shina za watu wazima na za damu ya kitovu, na likaharamisha zile za mimba iliyotolewa kwa makusudi bila ya sababu ya kisheria.

Msimamo wetu ni kwamba elimu hii yenyewe si haramu, kwani kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya Sheria. Lakini lengo jema haliihalalishi njia mbaya. Maadamu njia ya damu ya kitovu ipo, kijana Muislamu aichague hiyo na aitetee mbele ya walimu wake kwa hoja na adabu. Ama mgonjwa anayekunywa dawa aliyoandikiwa na daktari, hana dhambi ya asilolitenda. Ni kosa kubwa kumtia wasiwasi hadi akaacha dozi yake.

Tunawaomba masheikh na madaktari wetu wakae pamoja, kwani mwenye kitabu bila ya mwenye hadubini atahukumu asichokiona, na mwenye hadubini bila ya mwenye kitabu ataona asijue mpaka. Nanyi wazazi, mtoto akileta swali la namna hii msimkemee. Mpelekeni kwa wanaojua, asije akadhani kwamba dini yake haina jibu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa na awaponye wagonjwa wetu. Amin. Wallahu a'lam.