STARA ISIYOMVUA MWINGINE

Ni jambo lisilofichikana kwamba mazungumzo ya mavazi katika misikiti yetu aghalabu huanza na kuishia katika swali moja: je, vazi hili limesitiri? Swali hilo ni la haki, na majibu yake yamo katika vitabu vya fiqhi. Lakini liko swali la pili lisilosikika sana: ili sisi tusitirike, ni nani amevuliwa? Nalo ni swali la dini kama lile la kwanza, na watu wa Tabora wana sababu ya kuliuliza kuliko wengi.

Tukirejea katika historia, Unyanyembe ya karne ya 19 ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na Buganda. Fedha ya njia ile ilikuwa nguo. Kwa merikani na kaniki wapagazi wa Kinyamwezi walilipwa ujira, watemi walipewa hongo, yaani ushuru wa kupita, na pembe za ndovu zilinunuliwa. Kwa nguo hizo hizo walinunuliwa pia wanadamu. Merikani, kama jina linavyoshuhudia, ilifumwa Marekani, katika viwanda vya Massachusetts, na hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi ile (1861–1865) pamba yake ililimwa na watumwa. Basi jasho la mtumwa wa ng'ambo likawa bei ya mtumwa wa huku. Aliyejifunga shuka ile alikuwa amesitiri mwili; je, alikuwa amesalimika na dhulma?

Nguo ilikuwa pia alama ya cheo. Kanzu na kofia zilimtambulisha muungwana, na kwa sababu hiyo wengi waliotoka utumwani walijitahidi kuzivaa, wakidai kwa vazi heshima waliyonyimwa kwa nasaba. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Leo, katika safu moja ya swala, mjukuu wa tajiri na mjukuu wa mpagazi husimama bega kwa bega, wote wamevaa kanzu. Huo ni ushindi, na hatuna budi kuulinda.

Je, tunaulinda? Tuziangalie harusi na sikukuu zetu sisi watu wa kipato cha kati, watumishi, walimu na wafanyabiashara. Kanzu sharti iwe ya Oman, abaya sharti iwe ya Dubai, na sare ya harusi hutakiwa kwa kila jamaa, mwenye nacho na asiye nacho. Dada asiyeimudu husingizia homa, akabaki nyumbani. Vazi lililokusudiwa kusitiri limegeuka mlango wa kumfungia mwenzetu nje. Mtume (s.a.w.) alipoamrisha wanawake watoke kwenda kwenye swala ya Idi, aliulizwa kuhusu asiye na jilbabu, kama alivyosimulia Ummu Atiyya (r.a.). Jibu lake lilikuwa kwamba mwenzake amvishe katika zake. Asiye nayo hakulaumiwa wala hakuachwa nyumbani. Jukumu liliwekwa juu ya mwenye nayo. Ama vazi la kutafutia umaarufu, limekemewa vikali katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah.

Hata vazi la bei nafuu lina siasa yake. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Huku kwetu sehemu kubwa ya pamba, ikiwemo ya Igunga na Nzega, husafirishwa nje kabla ya kuwa nguo. Na nguo mpya za rahisi nazo zina gharama yake: tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza huko Bangladesh liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wanawake.

Hatusemi kwamba mitumba ni haramu; maskini na asitirike kwa anachokipata. Tunasema na wale wenye uwezo wa kuchagua. Kwanza, sare ya harusi isiwe sharti la udugu. Pili, anayetaka nguo mpya ampe kazi fundi cherehani wa mtaani kwake, na amlipe ujira kwa wakati bila kumzungusha. Tatu, kabla ya Idi, mwenye nguo mbili za kutokea aangalie jirani yake atatoka na ipi.

Suratul-A'araf, aya ya 26, inalitaja vazi la taqwa kuwa ndilo bora zaidi. Vazi hilo halina darizi wala haliuzwi Dubai. Huonekana pale fundi anapolipwa haki yake, na dada asiye na sare anapoketi katikati ya wenzake bila kuinamisha kichwa.

Wabillahi tawfiq.