“ULIPATA NGAPI?”



Unajua namna kambi zetu zinakuwa siku ile matokeo ya Egzeta inatoka. Zamani tulikuwa tunangojea redio. Leo mesaji inaingia ndani ya telefoni, na pale pale kelele inapanda: mama anapiga vigelegele, wadogo wanakimbia inje, na kijana anamwangiwa poda nyeupe mpaka hata macho haionekani tena. Ni furaha ya kweli, na tuifurahie pamoja.

Lakini poda ikiisha kuanguka chini, kunabakia ulizo moja. Utaisikia ku robine, ku soko, na hata mbele ya mulango wa kanisa: “Ulipata ngapi?” Mwezi huu tuzungumze juu ya ulizo hii.

Siku ya Mungu moja, kiisha ibada, nilikuwa nimesimama na kijana mumoja wa kambi yetu. Mama mumoja akatukaribia, akamupa mukono, na bila kungoja akasema: “Papa, banasema ulishinda! Ulipata ngapi?” Kijana akaangalia viatu vyake. “51, mama.” Mama akanyamaza kidogo, kiisha akajibu: “Aa, hapana neno. Wa kwangu alipata 74.”

Yule mama hana roho mbaya. Alitaka kusema neno zuri, likamupotea kinywani. Lakini kijana akatafuta sababu ya kuondoka, na Siku za Mungu tatu zikapita bila kumuona ku kwaya. Nilipoenda kwao, akaniambia: “Papa, kila mutu ananiuliza ile ile. Nilishinda, lakini sasa iko kama niliiba.”

Sikia tena hii. Binti ya yule mama, ule wa 74, alinieleza siri yake siku ingine. Rafiki zake wakimuuliza, anasema alipata 60. Juu ya nini? “Papa, nikisema ile ya kweli, banasema: basi, sasa hautatusalimia tena.”

Munaona mutego? Mwenye namba ndogo anapata haya. Mwenye namba kubwa, akiisema, anajivuna. Akiificha, anasema uongo. Na anayenyamaza, watu watasema: “Lazima alipata mubaya.” Ulizo ni fupi sana, lakini majibu yake yote inauma.

Sasa vijana wanatuletea namba ingine, ile wanaita QI, kipimo cha akili. Kijana mumoja alijibu maulizo makumi mbili ndani ya telefoni, telefoni ikamwambia: 131. Akazunguka kundi lote la vijana: “Na wewe? Na wewe?” Wengine wakacheka, wengine wakaanza kukimbia macho yake. Basi ni vizuri tujue hii kipimo ilitoka wapi.

Mwaka wa 1905, kule Paris, bwana Alfred Binet na daktari Théodore Simon walitayarisha mutihani wa maulizo mafupi. Wakuu wa masomo wa Ufaransa walitaka kujua watoto gani wanahitaji kusaidiwa zaidi darasani. Njo ile tu. Hawakutaka kuwapanga watu kwa mustari, huyu mbele, huyu nyuma. Na mwaka wa 1909 Binet aliandika kitabu akikataa mawazo ya wale waliosema kama akili ya mutoto haiwezi kuongezeka. Kwake, mutoto akifundishwa vizuri, anaendelea.

Namba yenyewe ilikuja nyuma. Mwaka wa 1912 Mujerumani William Stern akaonyesha namna ya kugawanya umri wa akili kwa umri wa miaka, na mwaka wa 1916 Lewis Terman wa Marekani akazidisha ile hesabu kwa 100. Mutoto wa miaka 8 anayejibu kama wa miaka 10, gawanya 10 kwa 8, zidisha kwa 100: inafanya 125. Leo hawahesabu tena namna ile. Wanalinganisha mutu na watu wa umri wake. Katikati ni 100, na karibu watu wawili kwa kila watatu wanakuwa kati ya 85 na 115. Kwa hiyo ile namba haisemi uko na akili kilo ngapi. Inasema tu uko fasi gani kati ya wale mulilinganishwa nao, kwa maulizo ile, siku ile.

Na musifikiri ni mambo ya mbali. Hapa kwetu Katanga, katika miaka ya 1950, Union Minière ilikuwa na wataalamu wa mambo haya kule Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo. Walitumia mutihani wa picha uliotoka Uingereza mwaka wa 1938: picha inakosa kipande, na wewe unachagua kipande kinachofaa. Mwaka wa 1959 mumoja wao, bwana Laroche, aliandika juu ya watoto wa Katanga waliorudilia mutihani ule. Waliporudilia, walipata zaidi. Kichwa kilikuwa kile kile! Kilichobadilika ni mazoezi. Mutoto aliyekwisha kuona picha za namna ile hawezi kuwa sawa na yule anayeziona mara ya kwanza.

Sasa tufanye namna gani?

Wewe unayeuliza: meza ulizo kwanza. Kama kijana anataka kusema namba yake, ataisema mwenyewe. Wewe muulize: “Unafikiri kufanya nini sasa?” Ao: “Masomo gani ilikupendeza?” Na zaidi, usiseme kamwe ya mutoto wako palepale. Ile haitulizi mutu.

Wewe unayeulizwa: haulazimishwe kujibu kila mutu. Sema kwa upole: “Nilishinda, mama, ninashukuru. Na kwenu wako muzima?” Ile si uongo, na si kiburi. Lakini kuna wenye haki ya kujua: biro ya iniversite itaangalia diploma, na mwenye kukulipia masomo naye anapashwa kujua ukweli. Kwa hao, usifiche wala usiongeze hata pointi moja. 51 ni diploma kamili. Serikali inaomba 50, haikuomba haya yako.

Ninyi wazazi: musitangaze namba za watoto mbele ya wageni, kubwa ao ndogo. Ule wa 74 anabeba muzigo, na mudogo wake anayekaa pembeni, anayesikiliza tu, anabeba wa kwake.

Nirudi kwa kijana wetu. Siku ile kwao, sikumuongelesha tena juu ya 51. Nilimuuliza: “Sasa unapenda kufanya nini?” Akaingia ndani ya nyumba, akatoka na redio ya zamani ya babu yake. Ilikuwa imekufa miaka mingi. Alikuwa ameifungua, akabadilisha nyuzi, na akaiwasha mbele yangu. Iliimba! Kiisha akanieleza juu ya moto wa umeme, juu ya batri, juu ya masomo ya ufundi anayotafuta. Mimi niliyekuja kwa dakika kumi, niliondoka na giza.

Ku kwaya hajarudi bado. Nilimuacha, sikumulazimisha. Lakini alinisindikiza mpaka ku barabara, na njia yote alikuwa anasema yeye.

Musomaji, katika wiki hii utakutana na kijana mumoja. Ile ulizo itakuwa tayari ku ulimi wako. Tafuta ingine, kiisha kaa chini, sikiliza. Labda wewe pia utarudi nyumbani na giza.