Ramani isiyoiona Didia

Katika kijiwe cha bodaboda cha Didia, mkoani Shinyanga, simu janja inaweza kuwa moja na wasikilizaji saba. Mwenye bando anafungua ujumbe wa sauti, anaongeza sauti mpaka mwisho, wengine wanasogea. Mmoja anamtafsiria kwa Kisukuma mzee anayesubiri usafiri. Mzee naye akifika kwake atausimulia upya, akipunguza hapa na kuongeza pale. Mtafiti aliyeko Dar es Salaam atahesabu hapo mtu mmoja. Na pengine hata huyo hatamwona, maana kundi la WhatsApp halina dirisha la mpita njia kuchungulia.

Nayasema haya kwa kuwa hamu ya kuchora ramani ya mawasiliano ya mtandaoni inazidi kukua: nani anasema nini, nani anasikilizwa, habari inatoka wapi kwenda wapi. Hamu hiyo si mbaya. Shaka yangu ni juu ya vipimo. Mwishoni mwa 2024 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilihesabu laini za intaneti zipatazo milioni 48, katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu 61,741,120. Ukizisoma haraka utadhani karibu kila mtu mzima yumo. Lakini laini si mtu. Mchimbaji anaweza kuwa na laini mbili au tatu, kwa sababu mtandao unaoshika machimboni sio unaoshika nyumbani, huku mama yake akiwa na kitochi tu.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Ndesanjo Macha alipoanza kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004, Issa Michuzi akafuata 2005 na JamiiForums ikazaliwa 2006, mwanablogu aliwaorodhesha wenzake pembeni mwa ukurasa wake, nawe ukafuata viungo kama mtu anayefuata njia ya ng'ombe hadi lamboni. Mwaka 2008 John Kelly na Bruce Etling, katika utafiti uliotolewa na Chuo Kikuu cha Harvard, walizichora hivyo blogu za Kiajemi. Wengi walitarajia wapinzani wa serikali ya Iran watupu. Ramani ikaonyesha pia kundi kubwa la wacha Mungu wanaoiunga mkono serikali, na jingine zima la wapenda mashairi.

Hilo la mashairi ndilo linalonirudisha Usukumani. Huku manju wa ngoma ni mwandishi wa habari kabla ya mwandishi wa habari: anaimba njaa, ndoa, uchaguzi na aibu ya mtu. Wimbo huo leo uko YouTube, na asiye na bando anarushiwa kwenye memori kadi kwa pesa kidogo. Malunde 1 Blog ya Shinyanga huweka ajali, ziara ya kiongozi na video ya msanii wa Kisukuma mahali pamoja, bila kuona ajabu. Mtafiti anayetenga "siasa" kwenye fungu lake na "burudani" kwenye lake atautupa wimbo huo kapuni, na pamoja nao nusu ya mjadala wa wananchi.

Ramani ya pili, baada ya ile ya viungo, ni ya leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 ili aanze. Baadaye ada zilipunguzwa na masharti yakalegezwa kwa wasiotoa habari, lakini tayari kuna waliofunga na waliohamia Facebook na WhatsApp. Daftari la leseni linakuonyesha waliomudu kulipa, basi. Watafiti wengine wakaikimbilia X, zaidi kwa sababu data zake zilikuwa rahisi kuzoa kuliko kwa sababu Watanzania wengi wako huko. Mei 2025 nayo ikazuiwa nchini.

Sasa tazama Nyandolwa, mgodi ulio katika mkoa huuhuu wa Shinyanga. Tarehe 11 Agosti 2025 mashimo yalititia yakawafukia watu 25. Kwa mhariri, habari ilikuwa idadi. Kwa mwenye mume au mtoto machimboni, habari ni duara (shimo) gani, shifti ya nani, majina. Habari ya namna hiyo haingoji ukurasa wa mtu. Inapigiwa simu, inarekodiwa kwa sauti, inasukumwa kundi hadi kundi. Mawasiliano ya umma yenyewe ndiyo hayo, na hakuna ramani ya viungo itakayoyanasa.

Usukumani wana neno mwano, yowe la hatari linalopokelewa kijiji kwa kijiji. Walinzi wa jadi, Sungusungu wa Kahama, walilitumia sana tangu miaka ya 1980 ilipoanza. Aliyesikia alilazimika kulipokeza. Lakini ulijua limetoka upande gani. Ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara nyingi unakuja na mishale tu, hauna upande. Katika mkoa ambao vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi na watu wenye ualbino wamewindwa, kutojua ujumbe umetoka wapi si jambo dogo.

Kwa hiyo je, tufukue kila aliyeanzisha kila ujumbe? Hapana. Ramani yenye majina ina wateja wengi kuliko mtafiti anavyodhani: polisi wenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kundi lenye hasira. Nataka ramani ya njia: habari inapitia wapi, inakwama wapi, inageukia wapi. Majina hayahitajiki humo.

Anayetaka kuichora aanze kwa kukaa kijiweni, tena siku ya mnada. Aje na mtu anayejua Kisukuma. Na akirudi Dar, majina ayaache hukohuko.