MAONI YETU: TUJARIBU LIMAU KABLA YA KUNUNUA KOKI



Mkutano mkuu ujao utaletewa ombi la fedha za kununua koki mpya na bomba la mvua jipya kwa bafu la nyumba yetu ya wageni. Tunaambiwa vilivyopo vimekufa. Sisi tunasema havijafa, vimeziba. Kabla ya kugusa hela ya wanachama, tuvisafishe kwanza.

Ule ukoko mweupe si kutu, wala si uchafu wa wageni. Ni chokaa. Maji ya mvua hupenya ardhini, yakikuta mawe yenye chokaa huiyeyusha na kuibeba. Yakichemka au yakikauka, chokaa inabaki. Waliofika mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, wameona mawe yananing'inia juu kama meno. Ni kazi hiyohiyo ya maji na chokaa, ila kule imechukua maelfu ya miaka.

Maji ya chemchemi za huku juu kwa kawaida ni laini, sabuni inatoa povu upesi. Lakini nyumba ya wageni inatumia maji ya kisima cha bondeni, na hayo ni magumu: unasugua sabuni mpaka unachoka, povu hakuna. Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo matundu yalivyoziba.

Dawa tunayo, inaoza chini ya miti yetu. Ukali wa limau, ndimu au siki unaila chokaa. Ukimwagia utaona vipovu vinachemka. Fanyeni hivi:

1. Koki: lowesha kitambaa kwa maji ya limau, kizungushe, kifunge kwa kamba, kiache saa moja. Kisha sugua kwa mswaki mkuukuu na suuza.

2. Bomba la mvua: fungua kichwa chake, kiloweke ndani ya siki usiku kucha, zibua matundu kwa mti wa kiberiti.

3. Birika: jaza maji, kamulia malimau mawili, chemsha, acha yapoe, mwaga, suuza.

Ukoko ukiwa mnene, rudia. Siku moja haitoshi kuondoa ukoko wa miaka.

Sasa jamani, tuonyane. Tumesikia vijana wanataka kutumia maji ya betri. Hapana! Tindikali ile inaunguza macho na ngozi. Tena msichanganye siki wala limau na Jik, kwa sababu inatoka hewa yenye sumu inayoumiza mapafu. Msikwangue koki kwa kisu, mkiondoa ule mng'aro wake kutu itaingia. Na sakafu ya saruji msiimwagie limau, maana saruji nayo ina chokaa, italika.

Ukoko ukishatoka, tuutunze usafi. Koki inayovuja ibadilishwe mpira wake. Mpira ni bei ndogo kuliko koki. Asiyeamini hasara ya matone aweke ndoo chini ya koki usiku, asubuhi aangalie. Na anayetoka kuoga apanguse koki kwa kitambaa kikavu, kwani maji yasiyokauka juu yake hayaachi chokaa.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu vijijini kote nchini, wake kwa waume, kusikiliza redio na kujifunza usafi pamoja. Basi na kazi hii isiachiwe akina mama peke yao.

Ushauri wetu kwa kamati ni huu: ombi la fedha lisimame wiki mbili, koki zioshwe, kisha wanachama wenyewe waje kuzifungua. Ikibaki iliyokufa kweli, tutainunua bila ubishi. Lakini fedha ya ushirika ni jasho la mboga zetu, isilipe kazi ambayo limau linaiweza.