Dozi ya pili ya surua isiachwe

Ndugu wazazi, wapo wanaosema mtoto akichanjwa surua mara moja yatosha. Si sahihi.

Surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, mwaka 1781. Iliporudi mwaka 1846, daktari Peter Panum aliona kuwa wazee walioiugua zamani haikuwapata tena. Miaka 65! Katika damu na uboho wa mifupa zimo chembe za kumbukumbu. Hudumu, hujizalisha, na adui akirejea humtambua upesi.

Chanjo huzifundisha chembe hizo bila kuugua. Surua yenyewe hufuta kinga ya maradhi mengine.

Kwa baadhi ya watoto dozi ya miezi 9 haishiki. Basi ya miezi 18 tusiiache. Mtoto ni amana.